Pointi za Koko Raesetja

Risala ya wasichana wa kikundi cha Kgwerano, Sekondari ya Ngwanamago, kijiji cha Ga-Mmatshela, kwa Mma Refilwe Seokamo, Mkuu wa Mpango wa Pointi wa duka la mtandaoni la Rekafela, siku ya kufungua dirisha la kupokelea vifurushi

Mgeni rasmi, Mma Seokamo, Mwalimu Mkuu, Ntona, mkuu wetu wa kijiji, wazazi, na ninyi koko, bibi zetu, mliokaa mbele ili msikie vizuri: dumelang.

KARIBU

Mgeni rasmi, barabara yetu umeipita mwenyewe leo asubuhi, kwa hiyo habari zake hatukupi. Tunachosema ni kwamba tumefurahi umefika. Magwinya, maandazi ya kwetu, yako tayari, ya moto, na achari tumeiweka kando kwa sababu hatujui kama tumbo la Johannesburg linaiweza.

Sisi ni wasichana kumi na mmoja wa darasa la kumi na la kumi na moja. Anayesoma ni mwenyekiti wetu, Mokgadi, kwa sababu sauti yake hufika hadi geti la shule bila kipaza sauti. Tumemwomba asome kilichoandikwa tu, asiongeze ya kwake.

TULIKOTOKA

Mama zetu wana stokvel, upatu wa kununua chakula cha Desemba kwa pamoja. Tumekulia humo. Kila mtu anatoa, mmoja anapokea, mwezi ujao anapokea mwingine, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kikundi chetu kilianzia kwenye sufuria. Mwaka jana, Hunadi Selepe alimwagizia bibi yake, Koko Raesetja, sufuria kubwa kutoka Rekafela. Hunadi ni yule ambaye mwalimu akimwita jina darasani anasimama nusu, kama bado anafikiria kukaa. Sufuria ikaja. Siku thelathini zilipopita bila kurudishwa, ukaingia ujumbe kwamba amepata pointi, na pointi zikitosha zinageuka kadi ya zawadi ya kununulia kitu kingine. Hunadi alitaka kuufuta ule ujumbe. Pointi zenyewe zilikuwa kidogo hata soksi hazinunui.

Mokgadi akamshika mkono. Akamwambia hivi: "Wewe unataka kutupa vipande vya fundi cherehani. Kipande kimoja ni takataka. Ukikusanya vya kijiji kizima unashona blanketi."

Basi tukaanza. Ijumaa wazee wanatuletea karatasi wameandika wanachotaka: viatu vya mtoto, nepi, taa ya jua. Sisi tunapanda hadi kwenye tenki la maji nyuma ya maabara, maana mtandao unakaa pale. Hatuingii dukani moja kwa moja, tunapita kwanza ukurasa wa pointi, kwa sababu usipopita pale unanunua bure, pointi hupati. Kila mwezi karatasi zote za kijiji zinapita kwenye akaunti ya nyumba moja, ya msichana mwenye zamu. Pointi zikikomaa, kadi ni yake yote. Mwezi ujao ni mwingine. Akaunti zina majina ya mama zetu na koko zetu, kwa sababu sisi hatujafika miaka kumi na minane, na kila mmoja wao alikubali na alitoa kitambulisho chake kwa mkono wake mwenyewe.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tutajisifu kidogo.

Kadi zetu zimenunua viatu vya shule, kikokotoo cha hesabu, na godoro la mwenzetu Pheladi, ambaye alikuwa analala na wadogo zake watatu kitanda kimoja na anasema sasa anaota ndoto zake mwenyewe. Kwenye choo cha wasichana kuna kabati lenye pedi, na halijawahi kuwa tupu tangu Agosti mwaka jana. Ukitaka kulitazama tutakupeleka.

Mwenye zamu ya kwanza alikuwa Hunadi. Alipomwambia bibi yake kwamba amepata kadi ya zawadi, Koko Raesetja aliuliza zawadi imetoka kwa nani. Hunadi akasema Rekafela. Koko akauliza Rekafela ni mtoto wa nani, wa upande gani, na kwa nini ampe zawadi mtu asiyemjua. Hunadi alieleza mpaka akachoka. Koko akasema sawa, lakini katika nyumba hii zawadi haipokelewi mikono mitupu. Dereva wa vifurushi alipokuja, akamkabidhi jogoo mwekundu, amefungwa miguu vizuri, ampelekee mwenye duka.

Dereva alisema, "Koko, jogoo huyu, mfumo hauna mahali pa kumwandika."

Koko akamjibu, "Usimwandike. Mbebe."

Mgeni rasmi, kama jogoo huyo hakufika ofisini kwenu, tunaomba dereva aulizwe kwa upole.

CHANGAMOTO

Mwezi wa pili mwaka huu zamu ilimrudia Hunadi. Alikuwa na hesabu zake. Anasoma uchoraji wa kihandisi, na mwalimu anasema mkono kama wake haujawahi kuonekana hapa shuleni, lakini ubao wa kuchorea hana. Anachorea kwenye ubao wa Koko wa kukandia unga. Kadi ya mwezi ule ingetosha ubao halisi na rula yake inayoteleza, kabla ya mitihani.

Jumamosi moja tuliingiza karatasi arobaini na moja. Kulikuwa na jozi tisa za viatu, nepi za mapacha, wigi la rangi ya dhahabu ambalo mwenyewe ametuomba tusimtaje, na mashine ya mzee wetu Ntate Phasha ya kutoboa ukuta. Vyote kwa jina la Raesetja Selepe, miaka sabini na sita, mjane.

Mashine yenu iliona bibi mmoja ana miguu kumi na minane, ana mapacha, anavaa wigi na anatoboa kuta. Ikafunga akaunti. Hapo hatukulaumu sana. Hata sisi tungeshtuka.

Tatizo ni ujumbe. Ulikuja kwenye simu ya Koko, maana namba ni yake, na ulikuja Alhamisi. Alhamisi mchana wanawake wa manyano, umoja wa akina mama wa kanisa, wako kanisani kwa maombi, wamevaa blauzi nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe, na Koko Raesetja ameivaa sare hiyo miaka arobaini na miwili. Simu ikalia katikati ya wimbo. Kiingereza hasomi. Akampa mwinjilisti kijana amsomee, akidhani ni habari ya msiba. Mwinjilisti akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu. Ujumbe ulisema akaunti imefungwa kwa mwenendo wa udanganyifu. Lile neno la Kiingereza mnalotumia ninyi kwa ujanja wa kwenye karatasi, yeye alilitafuta kwa Kisepedi, lugha yetu, hakulipata, akachukua lililokuwa karibu. Akasema bohodu. Wizi.

Mgeni rasmi, wewe ni Motswana, lugha yako ni ndugu ya yetu, unajua neno hilo lina uzito gani likisemwa mbele ya watu wanaokaa kimya.

Koko aliinuka. Alichukua simu yake, akavua kofia, akatembea nyumbani kichwa wazi. Hunadi alimkuta ameketi jikoni, sare imekunjwa juu ya meza.

"Hunadi," akamwambia, "nimeiba nini?"

Hunadi alieleza. Alieleza upatu, zamu, viatu, wigi, mashine ya Ntate Phasha, mpaka ugali wa bogobe ukaganda sufuriani. Hajawahi kuongea maneno mengi hivyo maishani. Koko alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Na mimi najijua. Lakini wale wanawake walisikia neno. Maelezo hawakuyasikia."

Hunadi akasema atakwenda kuwaeleza mwenyewe. Alhamisi iliyofuata alikwenda. Alifika mlangoni, akasimama pale, wanawake wakamkaribisha kwa upole, mmoja akamsogezea kiti, na sauti haikutoka. Alirudi nyumbani. Sisi tulikwenda baada yake, Mokgadi akaongea kwa niaba yetu, na wanawake walisema hakuna hata mmoja aliyeamini kwamba Koko ni mwizi. Wakaenda kumwambia. Koko akawapikia chai, akawashukuru, akasema wao siyo waliomwita mwizi, kwa hiyo wao hawawezi kulifuta. Sare akaitia kabatini.

Hunadi akaanza kuwaandikia ninyi. Barua tisa, zote kutoka pale kwenye tenki. Majibu saba ya kwanza yalirudi, yote yanafanana, yanasema mnathamini maoni yake. La nane lilimtaka athibitishe kuwa yeye ni binadamu kwa kuchagua picha zenye taa za barabarani. Taa hizo hapa kwetu hakuna hata moja, tulikaa watatu tukabishana kama nguzo inahesabiwa. La tisa lilitaka Koko apigwe picha ameshika kitambulisho, kisha ageuze uso kushoto, kisha kulia.

Koko aligoma. "Mbuzi wa mnadani ndiye anayegeuzwa hivi na hivi," alisema. "Mimi nina uso mmoja. Anayetaka kuuona aje."

Mgeni rasmi, na sisi tuna kosa letu, hatutalificha. Kanuni ya kumi na nne inasema mtu anunue kwa ajili ya kaya yake tu. Tuliisoma. Hatukuiruka. Tulikaa tukaulizana kaya ni nini. Mmoja akasema ni wanaolala chini ya paa moja. Tukamkumbusha kwamba kwa hesabu hiyo baba zetu walioko migodini siyo wa kaya. Mwisho tulikubaliana kwamba kaya ni wale ambao ukifiwa wanakuja na masufuria yao bila kuitwa. Tukahesabu. Zikawa nyumba arobaini na moja. Kwa hiyo tuliona tuko ndani ya kanuni kabisa.

Kama mlimaanisha paa, mngeandika paa.

Kuna jambo moja la kuchekesha kidogo. Mwezi uliopita tuliambiwa mnafungua dirisha la vifurushi hapa kijijini, kwa sababu Ga-Mmatshela inaagiza kuliko vijiji vyote vya upande huu. Ni karatasi zilezile, mgeni rasmi. Mashine yenu moja ilizitazama ikaona mwizi, nyingine ikazitazama ikaona soko. Tunaomba mashine hizo zikutanishwe.

MAOMBI

Tunaomba vikundi vya upatu viruhusiwe kuandikishwa kama vikundi, kwa jina la kikundi, ili mwenye zamu asionekane ana miguu kumi na minane. Tumeshaandika jinsi inavyoweza kufanyika, kurasa mbili, Pheladi anazo.

Tunaomba ujumbe wa kumtuhumu mtu usitumwe na mashine peke yake. Kabla ya kumwita mtu jina baya, mtu mwenye masikio ampigie simu amuulize.

Tunaomba dirisha lifunguliwe Jumamosi pia, maana katikati ya wiki tuko darasani. Na mtakapotafuta mtu wa kukaa pale dirishani, msitafute mbali.

Pointi za Hunadi bado zimefungwa na zinakufa mwisho wa mwezi huu. Tulikuwa tumeandika ombi la kuzifungua. Juzi Hunadi mwenyewe alilikata kwa kalamu. Tulimkatalia, Mokgadi akamwambia asijifanye mtakatifu na mtihani unakuja. Akajibu kwamba akiomba vitu viwili mtampa kile chepesi, mtaona mmeshamaliza. Pointi kwenu ni kubonyeza mahali pamoja. Tulijadili muda mrefu, kisha tukapiga kura. Pointi zife. Mtihani ataufanyia kwenye ubao wa unga, na tunakuhakikishia atafaulu.

Kwa hiyo ombi lenyewe ni hili.

Koko Raesetja Selepe yuko mstari wa tatu, gauni la kahawia, kitambaa cha bluu kichwani. Hatukumwomba aje, alikuja alipoambiwa kwamba Rekafela sasa ina mtu na mtu huyo anakuja. Leo ni Alhamisi. Maombi ya manyano yanaanza saa nane, na wanawake wenzake wako hapa, wote wamevaa. Sare ya Koko ameipiga pasi usiku, ameibeba, iko chini ya kiti chake kwenye mfuko wenye jina la duka lenu.

Barua hatuitaki. Barua ingesomwa na mwinjilisti.

Tunakuomba ukisimama kujibu risala hii, usianzie kwenye hotuba uliyoandikiwa. Shuka hapo jukwaani, nenda mstari wa tatu, mtazame usoni, umwambie kwa lugha anayoisikia, kwa sauti ya kuwafikia wenye blauzi nyekundu, kwamba yeye si mwizi. Usieleze habari za mfumo. Hunadi atasimama pembeni yako. Amesema safari hii kama sauti yako itakwama, yake itatoka.

Sisi tutasubiri. Chai inaweza kupoa.

Mungu akulinde kwenye barabara ile utakaporudi, awabariki watoto wako na wa wote mliokuja nao, na avifikishe vifurushi vyote kwa wenyewe.

Ni sisi,
Kgwerano, wasichana kumi na mmoja,
wa kaya moja ya Ga-Mmatshela.