Maisha ya Mama Kokushubira, Aliyemrushia Mavyaa Wake Madongo

Wazee wetu, ndugu na majirani wa Kanoni, anayesimama hapa ni Kaijage, mwana wa kwanza wa marehemu, aliyepewa kazi hii kwa sababu waliosoma kumzidi wamelia hadi sauti zimewakauka, na yake, kama mnavyosikia, bado inafika Kiruruma.

Marehemu Kokushubira alizaliwa Nyakakika, tarehe 14 Novemba 1911, tarehe ambayo tumempa sisi, kwani waliokuwapo walikumbuka tu kwamba senene walikuwa wakianguka kama mvua ya kijani na ukungu haukutoka bondeni siku nzima. Mwaka 1919 ndui iliingia nyumbani kwao, na kwa kuwa kumpenda mgonjwa ni kutomwacha alale peke yake, mabinti wanne walijifunika lubugo moja, ile nguo ya magome ya mti, na alipozinduka katika homa, ambayo aliisimulia kama kutembea juu ya maji ya uvuguvugu, dada zake watatu walikuwa wamekwisha kuzikwa, naye akabaki na uso wa mashimo ambao wengine hapa mliutania, mkidhani hasikii.

Alisoma misheni, 1922 hadi 1924, akaacha kwa kukosa nafasi, tofauti na Kaijage aliyeacha darasa la tatu kwa kuwachosha walimu. Kazi yake ilikuwa kilimo cha kahawa na migomba, na hakuna mgomba wake uliowahi kulazwa na upepo, anayebisha asimame.

Tarehe 6 Juni 1931 aliolewa na Rwegoshora, hapa Kanoni, na alipofunuliwa uso, mavyaa wake, Bibi Kokuhirwa, aliguna, "Ndizi hii, ndege wameshaidonoa," bwana harusi akajibu, "Mama, ndege hudonoa ndizi iliyoiva." Wakajaliwa watoto watatu, Kaijage, 1936, Renatha, 1940, na Cassian, 1943.

Julai 1937, Rwegoshora akiwa Bukoba na mizigo ya kahawa, mdogo wake Mutalemwa alirudi kutoka matangani na homa, vipele vikamtoka usoni, na Kokushubira, aliyevijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao, alimhamishia katika kibanda cha kukamulia ndizi, katikati ya migomba, akaingia naye, kwa kuwa ndui haikuwa na deni naye tena, akamwacha Kaijage, ambaye bado alikuwa akinyonya, kwa Bibi Kokuhirwa, akaagiza mtu yeyote asivuke mtaro wa shamba. Huko siku zilipita kama zinaota, majani yakipepea polepole, moshi ukining'inia bila kupanda, na kila alipolia mtoto nyumbani, maziwa yalimlowesha mama yake kifuani.

Bibi Kokuhirwa alishindwa kuvumilia, akaja na mtoto mgongoni, akisema, "Mwanangu hafi shambani kama mbwa, na wako huyu ana njaa, mpokee." Mkamwana, aliyetakiwa na desturi asipaze hata sauti mbele ya mavyaa, alipiga magoti akasema, "Shikamoo mama, usivuke," mavyaa akanyanyua mguu avuke, mkamwana akaokota dongo, likampata begani, akaokota jingine, "Rudi, mama! Rudi na mwanangu!" huku yeye mwenyewe akilia na mtoto mgongoni mwa bibi akicheka, akidhani ni mchezo, nanyi mnaocheka huko nyuma mnajua kwamba habari hiyo ilifika Nyakakika kabla ya jua kuzama.

Bibi alirudi. Mutalemwa alifariki tarehe 2 Agosti mapajani mwa shemeji yake, akimwita mama, naye hakumsahihisha. Aliteketeza kibanda na nguo zote, akangoja huko migombani, na aliporudi nyumbani maziwa yalikuwa yamekauka. Kwa jirani yetu Apolinary, walikolala wote pamoja kumfariji mgonjwa wao, ilibaki migomba tu, ila hapa hakuugua mwingine, na uso wa Kaijage, wasichana tazameni bila aibu, hauna hata tundu moja. Lakini Bibi Kokuhirwa, aliyenyimwa kumkumbatia mwanawe, alikula chakula cha mkamwana wake miaka ishirini bila kulitaja jina lake.

Mwezi Aprili 1957 marehemu alishikwa na kichomi, akatibiwa zahanati, na juzi, tarehe 9 Mei, alfajiri, alituacha. Alipoletwa nyumbani, Bibi Kokuhirwa, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, aliingia akipapasa, akalala kando yake, akamfunika kwa nguo yake mwenyewe, na sote tulimsikia akisema, "Kokushubira, mtoto wako nilikutunzia."

Familia inamshukuru mganga na wauguzi wa zahanati, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, wenzake wa kuchuma kahawa, na wewe, Bibi, uliyerudi nyuma siku ile ukiwa na mtoto mgongoni.

Lala, mama, ukungu umeshuka na migomba imetulia, pumzika kwa amani.