Wafundisheni Kuuliza Mara ya Pili

Mgeni rasmi, Daktari Kihara, mkuu wa masomo katika chuo cha wauguzi. Mchungaji wetu Mulwa. Walimu na wanafunzi: karibuni kijijini kwetu Tulia. Kunyweni chai, mjisikie mko kwenu. Risala hii imeandikwa na Ndila, mama Kanyiva, na anayeisoma ni katibu wetu, Kaluki. Ndila aliachia masomo shule ya msingi, kwa hivyo Kiswahili kikipinda, mtuvumilie.

TULIKOTOKA

Mwethya huu wetu, yaani kikundi cha kusaidiana, ulizaliwa na hofu. Kanyiva ana kifafa. Siku moja alianguka shambani wakivuna ndengu, akaanguka tena kabla hajazinduka vizuri. Ndila akambeba mgongoni mpaka dispensari. Mlangoni walipokewa na mwanafunzi wa uuguzi, Thuo, kijana wa adabu, lakini mgeni kwetu.

"Habari yako mama? Mtoto anaendeleaje?"

"Mzuri tu," Ndila akajibu. "Ako sawa."

Mgeni rasmi, usimcheke. Kwetu salamu haijibiwi na shida. Ukisalimiwa unasema "nesa", ni vyema, hata kama nyumba inaungua. Mwenzako akiuliza tena, hapo ndipo unafungua kifua.

Thuo hakuuliza tena. "Basi mketi hapo kwa benchi, tumalizie wagonjwa wa haraka."

Ndila akaketi, mtoto mapajani, akiogopa kuonekana mama wa kelele. Akahisi kile kimguu kinaanza kumgonga paja, tena na tena. Akatazama mlango. Yule kijana atakuja sasa, alijiambia. Atakuja sasa. Alipopiga nduru, midomo ya Kanyiva ilikuwa rangi ya majivu.

Kanyiva yuko hai, Mungu asifiwe. Lakini alikuwa msichana wa kuimba na kubishana. Siku hizi hata jina la mama yake analitafuta.

TULICHOFANYA

Thuo mwenyewe alikuja kwa Ndila, akalia. "Mama, hiyo ya kuuliza tena, hakuna mwalimu alinifundisha."

"Na sisi hakuna aliyetuuliza," Ndila akamwambia.

Thuo akapeleka maneno hayo chuoni, nasi tukaitwa darasani. Wavinya, anayemtunza mume aliyepooza, hujifanya mgonjwa. Mwanafunzi akiuliza mara moja na kugeuka, Wavinya humpigia makofi: "Nenda salama, mwanangu! Mimi nimeshakufa na wewe umeandika mzima!" Wanacheka mpaka machozi. Lakini wakija dispensari, wanauliza mara ya pili. Tumewaona.

HOFU YETU

Muhula huu tumeambiwa darasa letu limeondolewa, nafasi hakuna. Eti tutaitwa tu kupimwa presha, wanafunzi wajifunzie, na sisi tunyamaze.

Mgeni rasmi, tunaogopa. Hawa wanafunzi watatumwa Kyuso, watatumwa mji wa Wote, kwa akina mama wanaojibu kama Ndila. Na Kanyiva bado anaanguka. Kila Ndila akisikia dispensari imeletewa muuguzi mpya, hujiuliza: huyu naye amefundishwa na nani? Amejaribu kujirekebisha. Akichambua ndengu peke yake hufanya mazoezi kwa sauti: "Mtoto wangu anakufa! Nisaidieni!" Kisha akisimama mbele ya mtu wa sare, mdomo unasema mzuri tu.

Mnaweza kusema wamama wabadilike. Tutajaribu. Lakini kifafa hakitangoja tubadilike.

MAOMBI

Turudishieni darasa. Hata bila chai tutakuja. Mtuache tuongee, msituweke pale kama picha ya ukutani. Na mnapopanga masomo, mmoja wetu aketi nanyi.

La mwisho. Ulipofika asubuhi, Daktari, ulituuliza, "Mnaendeleaje?" Sisi sote, na Ndila akiwemo, tukakujibu kwa sauti moja kwamba tuko sawa. Tafadhali, kabla hujapanda gari, tuulize tena.

Mungu akufikishe nyumbani, na awachunge watoto wasioweza kujisemea.

Ni sisi, Mwethya wa Wagonjwa na Walezi, Tulia.