Kinga ya Bulonza na Mwenye Barabara

Kijiwe hiki cha Nyawera hakina jina. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali ya saruji mbele ya kibanda cha Atumani, fundi wa kinga. Kinga, kwa asiyeijua Bukavu, ni baiskeli. Ukisema baiskeli hapa, watu watakuuliza kwanza umetoka wapi. Jua likianza kulegea, Maman Mireille hutua termosi na jiko lake dogo karibu na ubao, na wenye maneno hukusanyika. Cyprien wanamwita Maître, kama wakili, maana amefika sana mahakamani, na kila mara alikuwa mshtakiwa. Ezéchiel ni Radio, na radio hiyo haina kitufe cha kuzimia. Atumani, mzaliwa wa Uvira ambaye babu zake walitoka mashariki kwenye bahari, ni Pwani. Wa mwisho ni Bulonza, anayeshusha makaa kutoka Miti, nje ya mji. Huyo ni Frein, yaani Breki, kwa sababu kinga yake haina breki, na kwenye mteremko yeye huisimamisha kwa soli ya kiatu. Siku hiyo Frein alikuwa ameiingiza kinga ndani kabisa ya kibanda, nyuma ya matairi, akaifunika turubai. Kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi.

— Anza tena, akasema Maître. Polepole. Kesi inataka mupangilio.

— Nimeshasema, Maître.

— Radio hakuwa hapa. Sema.

Bulonza akasema. Asubuhi, kwenye kona ya kuingia Nyawera, jeep ilimpigia honi kutoka nyuma. Kulia kulikuwa na mtaro umejaa tope, kushoto wachuuzi wa nyanya. Angekwenda wapi na magunia ya makaa? Jeep ikajipenyeza, gunia likakigusa kioo cha pembeni, kioo kikapinda. Mwenye jeep akashuka, shati limenyooka kama la harusi, akagonga kidole kwenye kile kikaratasi kilichobandikwa mbele ya gari, vignette, ushuru wa barabara.

— Akaniuliza: unaona hii? Mi nimelipa. Hii barabara iko yangu. Weye unalipaka nini?

— Na weye ukajibu nini? akauliza Radio.

— Nilisema pardon, papa.

— Pardon! Maître akashika kichwa. Njo vile tunapotezaka kesi.

— Kisha akanipiga photo. Mimi na kinga. Akasema: kesho nikukute hapa. Akapanda, akaenda.

Radio akaacha kupuliza kahawa.

— Kesho nikukute hapa?

— Njo vile alisema.

— Nikukute vile ya kukuita, ao vile ya kukukataza?

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna Bulonza tangu asubuhi. Kama ni amri, asipotokea amemdharau mkubwa. Kama ni onyo, akitokea amejipeleka mwenyewe. Njia ya Miti ni moja tu, na kona ni hiyohiyo. Huko nyumbani Cimpunda, mke wake Sifa hana mfuko mwingine wa kutia mkono: siku Bulonza asiposhusha makaa, watoto hulala na chai ya rangi. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa. Tangu mji upate wenyewe wapya, wenye bunduki, hata majogoo walikuwa wanawika kwa adabu.

— Sikiliza, akasema Maître. Kesho unaenda, na unamupa jibu ya kisheria. Unamuambia: papa, sisi pia tunalipaka. Tunalipa kwa kila kamba ya kizuizi yenye inafungwa barabarani. Tunalipa sokoni. Na mashimo, nani anayazibaka mawe? Sisi.

— Hilo kweli, akasema Pwani, ambaye Kiswahili chake bado kina chumvi ya kwao. Baiskeli haitoboi barabara. Gari ndilo linalotoboa. Mimi natengeneza magurudumu, najua nani anamuumiza mwenzie.

— Tena babu yangu, wakati ya Bazungu, alikuwa na plaque ya kinga, kibati ya ushuru! Maître alikuwa ameshapanda moto. Aliilipia kila mwaka! Na hii barabara, nani alibeba mawe yake? Babu yangu. Basi mimi niko murithi. Mwenye jeep njo anapaswa kuniomba ruhusa.

— Kesho ukamuambie weye, akasema Bulonza.

— Mimi? Mimi niko na mambo kesho.

Maman Mireille akacheka kidogo, akamwongezea Bulonza kahawa bila kuulizwa. Maître akaona ameshuka cheo, akatafuta methali ya kujiinua.

— Usiogope, Frein. Bahenga walisema: dua la kuku halimpati mwewe.

— Iyo inasema kuku analiwa, akasema Maman Mireille.

— Ee. Lakini aliomba.

Radio alikuwa amengoja zamu yake. Akasogea katikati ya ubao, akashusha sauti.

— Munajua ju ya nini alisema kesho? Hamukusikia mégaphone?

— Mégaphone gani?

— Motokari ilipita pale juu, saa ya misa. Ilikuwa nasema Swahili ya mbali, ile ya mu vitabu. Nilikamata maneno yote. Ilisema: kuanzia kesho kutakuwa na vituo vya kinga barabarani. Kila mupita njia lazima apitie kwenye kituo cha kinga.

— Vituo vya kinga, akarudia Bulonza.

— Njo vile. Kila kinga itapitishwa mu kituo. Na ikaongeza: asiye na kinga anahatarisha wenzake.

Maître akakunja uso.

— Asiye na kinga? Basi hata mutembea kwa miguu iko na kosa? Pwani, utatajirika.

Radio akaendelea, na kila alipoendelea sauti ilizidi kushuka.

— Bataandika kinga zote. Kisha batachukua zenye nguvu. Zenye zinabebaka mizigo. Munakumbuka Bruno?

Wote walimkumbuka Bruno. Alikuwa anashusha ndizi kutoka Kavumu. Wenye silaha walimsimamisha njiani wakamwambia geuza, wakamfungia masanduku nyuma ya kinga, mazito, yasiyosemwa yana nini. Kinga haikurudi. Bruno naye hakurudi.

— Na ile photo, akamalizia Radio, haikuwa ya kioo. Balikuwa natafuta kinga ya makaa. Yenye ilishazoea muzigo.

Bulonza akageuka kuitazama turubai kule ndani ya kibanda. Gurudumu la nyuma lilikuwa linachungulia, akainuka akalifunika, akarudi kuketi.

— Subirini, subirini! Pwani akaweka spana chini. Jamani, mnaogopa neno. Kinga katika Kiswahili cha kule si baiskeli!

— Iko nini?

— Ni kujilinda na maradhi. Hamjaona lile bango la dispensaire: kinga ni bora kuliko tiba?

— Niliiona, akasema Bulonza. Nilizani banasema kinga inafikisha mugonjwa mbio kuliko dawa.

— Mimi pia, akasema Maître. Na nikakubali.

— La! Kuna ugonjwa wa kuhara mjini. Hivyo vituo ni ndoo za maji na sabuni. Unanawa mikono, unakwenda zako. Basi!

Pumzi ikashuka ubaoni. Bulonza akaonja kahawa kwa mara ya kwanza, akagundua haina sukari. Angekuwa Pwani ni mtu wa kujua pa kuishia, jioni ingeisha salama. Lakini fundi akikaza nati hutaka kukaza zaidi.

— Kinga, akasema Pwani huku akiinua kiganja mbele ya uso wake, ni kitu chochote unachokiweka mbele, ili pigo likipate chenyewe, lisikupate wewe.

Radio akatua kikombe ubaoni.

— Rudia, akasema Radio.

— Kitu unachokiweka mbele...

— Mbele ya pigo.

— Mbele ya pigo, ndiyo, lakini...

— Mungu wangu, akasema Maître. Njo hiyo! Bataweka sisi mbele ya convoi! Kinga mbele, jeep nyuma. Kama kuko kitu kimefukiwa barabarani, kinapasuka na nani? Na kinga!

— Sikusema hivyo!

— Umesema. Vituo vya kinga. Kila kituo na kinga zake. Asiye na kinga mbele anahatarisha benzake. Sasa yote inaeleweka!

— Wallahi ni sabuni!

— Na mwenye jeep anasemaka amelipa barabara, akaingia Radio. Mutu akilipa kitu, si anataka kwanza bakijaribu?

Pwani akaona moto alioukoka, akatafuta maji ya kuuzimia. Kwao kuna methali ya watu kushikana mikono, ya vijinga vya moto, ambavyo pia huitwa kinga, kuwekwa kimoja na kingine hadi jiko liwake. Akaitoa kwa nia njema kabisa.

— Ndugu zangu, tushikamane. Wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Maman Mireille akaachia kikombe. Radio akajishika mdomo.

— Kinga na kinga, akanong'ona Bulonza. Yaani tukiwekwa pamoja, tunaungua.

— Bazee balishaiona! akasema Maître.

Sasa hata Pwani mwenyewe alikuwa ameingiwa na baridi. Alikuwa anajua maana ya kila neno alilosema, na bado alikwenda kuuvuta mlango wa kibanda mpaka nusu. Hofu haiulizi kamusi.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja, kitenge kimefungwa vizuri, mavumbi ya safari hadi magotini, akaomba kahawa. Alikuwa ametoka milima ya Kalehe mchana huo. Gunia lake la maharagi alikuwa ameliacha Miti kwa dada yake, na sokoni wamemwambia kuwa kwenye ubao huu kuna mtu wa kinga anayekwenda Miti kila siku.

— Karibu, maman, Maître akasogea kumpisha. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

Na kwa kuwa mgeni ni masikio mapya, wakamsimulia yote: kioo, photo, kesho nikukute, mégaphone, Bruno, convoi. Kila mmoja alitia chumvi yake. Mwanamke akasikiliza huku akinywa, bila kushtuka, kama mtu anayesimuliwa bei ya chumvi. Walipomaliza akafuta midomo.

— Huyo papa wa jeep anasema alilipa barabara?

— Alilipa, akasema Bulonza. Niliona vignette na macho yangu.

— Aya. Alimulipa nani?

Maître akageuka kwanza kutazama nani anapita barabarani.

Mtu angeweza kusema alilipa kwa wenye mji waliokuwapo zamani. Lakini hiyo ni kusema pesa bado ni zao, na barabara bado ni yao, na masikio yako kila mahali. Angeweza kusema alilipa kwa waliopo sasa. Lakini hiyo ni kusema barabara ni ya hawa, na mji huu umeshageuka zaidi ya mara moja katika maisha ya kila aliyekaa pale, na kila ulipogeuka walitafutwa waliosema. Swali la mtoto, na kila jibu lake lina kaburi.

— Mimi nimesahau, Joviale, muke wangu, iko ananingojea, akasema Radio, akaondoka na kikombe cha watu mkononi.

Maître alikumbuka mambo yake ya kesho, akaamua kuyaanza leo. Pwani akasema saa ya swala imefika, ingawa ilikuwa bado, akaisukuma kinga ya Bulonza nje kwa upole, turubai juu yake, akafunga kibanda kwa kufuli. Maman Mireille akamwaga kahawa iliyobaki mtaroni, kahawa nzuri yenye moto, akabeba jiko bila kumtazama mtu.

Wakabaki wawili. Mwanamke akatazama huku na huku.

— Niliuliza mubaya?

— Hapana, maman. Uliuliza muzuri.

— Basi kesho utaniletea maharagi yangu?

Bulonza alikuwa anaikunja turubai, anaikunja tena. Alimfikiria Sifa na jiko lisilo na kitu. Akaifikiria kona.

— Kesho siendi.

— Unamuogopa ule mwenye jeep?

— Asubuhi nilikuwa namuogopa yeye, akasema Bulonza. Sasa niko naogopa ataniuliza tena nalipaka nini, na mi nitamujibu na swali yako.