Alhamisi ya Nyama Iliyojikunja

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, kati ya bucha na gereji ya baiskeli, na kila asubuhi hukaliwa na wale wale kana kwamba wamezaliwa juu yake. Yupo Kisu, mwenye bucha, mwili wa fahali na sauti ya kifaranga. Yupo Spana, fundi baiskeli, ajuaye kila kitu duniani isipokuwa kumaliza baiskeli ya mtu siku aliyoahidi. Kahawa humiminwa na Mzee Birika, anayesikia umbea wa mtaa wa tatu lakini hasikii mtu akimwambia "ongeza kidogo". Na yupo Bibi Chupa, aliyeosha vyombo vya maabara ya chuo miaka thelathini na moja mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Asubuhi hiyo Bibi Chupa alikuwa amevaa gauni jipya, amekaa wima ili lisijikunje, na kadi ya mwaliko ilikuwa mkononi mwa Spana.

— Soma tena hapo kwenye mikono, akasema Bibi Chupa.

— Nimeshasoma mara nne, bibi.

— Ya tano itakuua?

Spana akakohoa kama mtangazaji wa redio.

— "Hotuba ya kuaga ya Daktari, mtafiti wa protini za misuli kwa miaka thelathini na nne. Jina la hotuba: Alhamisi Moja Nisiyoielewa. Mgeni wa heshima, kiti cha mbele: mama aliyetuoshea vyombo, mwenye mikono safi kuliko yote katika jengo lile." Na Daktari anakuja kukuchukua mwenyewe, saa mbili na nusu!

— Kiti cha mbele! Kisu akapiga paja. Halafu sisi huku tunakuita Bibi Chupa kama mtu wa kawaida!

— Ni wa kawaida, akasema Mzee Birika. Jana alinitukana.

— Ulistahili. Mimina.

— Lakini hiyo Alhamisi ilikuwaje? Kisu akauliza. Alhamisi gani inamshinda mtu aliyesoma hivyo?

Bibi Chupa akanywa funda moja kwanza. Darasani alifika la tatu tu, lakini maabara alikuwa amefika mbali.

— Sikilizeni, maana sirudii. Msuli una nyuzi za aina mbili. Tia vidole vya mkono huu katikati ya vidole vya mkono huu. Ehe. Nyuzi zikiteleza kuingiana, msuli unajikunja. Sasa hapo katikati pana protini imekaa kama komeo. Mlango umefungwa, nyuzi haziendi popote. Ikija kalsiamu, komeo linasogea, na nyuzi zinavutana.

— Kalsiamu ipi? Hii ya mifupa?

— Hiyo hiyo. Kidogo tu, kama chembe ya chumvi kwenye pipa. Daktari alikuwa anatoa nyuzi kwenye nyama, anaziosha, anaziweka kwenye chupa bila kalsiamu hata kiduchu, zinalala kimya. Alhamisi ile zikajikunja. Hakutia kitu, zikajikunja! Akarudia mwezi mzima, hazikujikunja tena.

— Mimi najua! Kisu akasimama. Ni ng'ombe aliyekufa na hasira. Nimeona paja limetundikwa kwenye ndoano, mnyama kafa zamani, bado linanirukia. Ile ni hasira, haijatoka!

— Hasira gani, wewe? Spana akadakia. Ni umeme. Msuli ni kama dinamo. Pale jirani na chuo si kuna mnara wa simu? Mawimbi yanapita, nyama inapokea!

— Wakati ule mnara haukuwepo, akasema Bibi Chupa.

— Basi wa redio! Redio ilikuwepo! Nyama imeshika stesheni!

— Mimi naona ilikuwa woga, akasema Mzee Birika. Nyama ilimsikia Daktari akinoa wembe.

— Ikamsikia kwa sikio lipi?

— Sikio si nyama?

Wakacheka mpaka kahawa ya Kisu ikamwagika. Bibi Chupa naye alicheka. Kati ya watu wote walio hai chini ya jua, yeye peke yake alijua kwa nini zile nyuzi zilijikunja.

Alhamisi ile mtambo wa maji ulikuwa unasumbua. Ni mtambo unaochemsha maji na kukamata mvuke, ili yabaki maji matupu yasiyo na kitu, na siku hiyo ulikuwa unadondosha tone moja, unapumzika kama mzee anayepanda ngazi. Bibi Chupa naye alikuwa na miadi ya kusukwa, harusi ya mdogo wake ilikuwa kesho yake. Akasuuza zile chupa kwa maji ya bomba, akazipanga, akaondoka. Daktari alipomwuliza, aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni maji ya mtambo. Na Daktari akamwamini.

— Hebu ngojeni, Spana akainama kwenye birika. Mzee, huu ukoko mweupe humu ndani ni nini?

— Chokaa. Maji ya hapa yana chokaa, utafanyaje.

— Chokaa si ndiyo kalsiamu...

— Spana! Bibi Chupa akafoka. Ile baiskeli ya mwalimu umemaliza?

Spana akarudi kwenye kahawa yake. Lakini Kisu alikuwa anamtazama bibi kwa jicho ambalo kawaida hutazamia mizani.

Hapo ndipo gari dogo lenye mlango uliobonyea likasimama mbele ya benchi, akashuka mwanamke mfupi, nywele nyeupe, miwani inaning'inia kifuani.

— Mama, shikamoo! Umependeza! Daktari akaketi kwenye ncha ya benchi bila kukaribishwa, akapokea kikombe. Nimekuta mnabishana. Nini?

Wakamvamia wote kwa pamoja: hasira, redio, wembe. Daktari alicheka huku akipangusa machozi.

— Redio sikuijaribu, hiyo kweli, akasema. Lakini mengine yote nilichunguza. Nyama, chumvi, mizani, mpaka sabuni. Maji nilimwuliza Mama hapa. Mama hajawahi kuniongopea.

Kisu akatazama viatu vyake. Bibi Chupa akaona kiti cha mbele kinamtoka, na kadi, na ile mikono. Angeweza kunyamaza. Alishanyamaza miaka yote hiyo, saa mbili zaidi zingemshinda nini?

— Nilikuongopea, akasema. Yalikuwa ya bomba. Nilikuwa nawahi kusukwa.

Daktari aliweka kikombe chini polepole, kama chombo cha maabara.

— Mama. Miaka mitatu niliitafuta ile kalsiamu ndani ya nyama, nikidhani inatoka humo.

— Hukuipata?

— Niliipata! Nikavikuta vifuko vya ndani, msuli unamoificha. Ndiyo kazi iliyonipa jina.

— Sasa unalalamika nini?

— Nalalamika kwa sababu uliapa! Sauti ya Daktari ikapanda mpaka mteja mlangoni mwa bucha akageuka. Nyuzi za Alhamisi ile zilikuwa zimeoshwa mpaka vifuko vyote vikatoka! Hazikuwa na mahali pa kuificha! Miaka yote hii nalala na kuamka na chupa moja kichwani, na wewe unanipungia mkono asubuhi!

— Nilikuwa na aibu, akasema Bibi Chupa. Sasa ninayo zaidi. Spana, nipe hiyo kadi niirudishe.

Daktari alikuwa hasikii. Amesimama, miwani imepanda puani, macho yanawaka kama ya mtoto aliyeonyeshwa mwezi.

— Bomba gani?

— La nyuma, kando ya stoo.

— Bado linatoa maji?

Hakuna aliyejua.

— Nyuzi ninazo kwenye barafu, nilizitayarisha za maonyesho, Daktari akasema haraka haraka, funguo zikilia mkononi. Hotuba saa nne. Tukichota sasa tunawahi. Tunasuuza chupa moja kwa maji ya mtambo, moja kwa ya bomba, mbele ya ukumbi mzima, kila mtu aone!

— Na zikikataa kujikunja? akauliza Spana.

— Basi nitakuwa na siku mbili nisizozielewa. Mama, panda!

— Nipande niende wapi? Kile kiti si changu tena.

— Kiti gani? Daktari alikuwa ameshafungua mlango uliobonyea. Kwani nani ataosha chupa?

Bibi Chupa akainuka, akaanza kukunja mikono ya gauni lake jipya.