Visahani vya Bluu Nilivyoviyeyusha

Kosa langu la kwanza, ndugu zangu, nililifanya siku nilipovikusanya visahani vyangu uwanjani kabla mtu hata mmoja hajasema kitu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yalifuata.

Wengine hapa hamjui mchezo huu. Unarusha kisahani cha plastiki, kinaruka mbali, na mwisho unakitia kwenye kikapu cha minyororo. Vijana wa Tororo wanaucheza, ila visahani vinavyotoka nje ni ghali. Mimi nikajifundisha kwenye simu kuvitengeneza. Niliokota majerikeni na mabeseni yaliyopasuka hapa Busia, nikayeyusha, nikakandamiza kwenye kalibu ya chuma, ile inayokipa kisahani umbo, kwa jeki ya gari. Wachezaji waliniahidi kwamba vikiruka vizuri, watakuwa wateja wangu.

Mkupuo wa kwanza ulikuwa wa bluu. Walivirusha, nami nikaona kitu kimoja tu: vyote vilikata kushoto mwishoni. Kile cha kutoka nje nilichokuwa naiga hakikuwa hivyo. Aibu ikanishika. Nikavitia guniani, nikarudi nyumbani, nikaviyeyusha.

Nawaambia, huo ndio ulikuwa mwanzo wa ugonjwa wangu. Mkupuo uliofuata ulitoka siku ya jua, ukapoa polepole, visahani vikalala bapa kupita kiasi. Mwingine ulitoka siku ya mvua, vikavimba mgongo. Nikayeyusha. Vikawa vizito upande mmoja, nikayeyusha. Sikujua kwamba plastiki ikirudi motoni mara nyingi inachoka. Nilidhani mkono wangu ndio mbovu. Mama alisimama mlangoni akasema, "Wewe, hata ugali hairudi kwa sufuria namna hiyo." Vijana wa boda boda wakaniita fundi wa vifuniko. Niliacha kula na watu. Niliacha kuja hapa kikundini. Kuna siku nililala nikiomba nisiamke, na nalisema hili mbele yenu kwa sababu huenda mwenzangu amekaa hapa akiomba hivyo hivyo.

Mkupuo wa mwisho niliupeleka Tororo baada ya kupima kila kisahani kwenye mizani. Vilifanana hadi nikaogopa kuvigusa. Cha kwanza kilipogonga nguzo ya kikapu, kilivunjika kama kigae. Kilichofuata pia. Kiongozi wao alinirudishia gunia kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko tusi.

Baadaye dada mmoja mchezaji, mtu wa Nabuyoga kule kule Tororo, alinifuata hadi nyumbani.

"Fundi, wapi zile za bluu?"

"Zilikuwa mbovu, dada. Zilikata kushoto."

"Mbovu kwa nani? Kwetu kuna kichuguu katikati ya uwanja. Zile ndizo zilikuwa zinakizunguka hadi kikapuni. Nilitaka kukuambia, wewe ukakimbia na gunia kama umeiba kuku."

Mama aliingia jikoni, akatoka na kisahani kimoja cha bluu. Alikuwa amekitoa kwenye gunia siku ile bila kuniambia, akawa anafunikia mtungi wa maji. Yule dada alikirusha pale pale uani. Kikaenda, kikazunguka kibanda cha jiko, kikatua taratibu upande wa pili. Nilikaa chini nikalia.

"Utarudisha lakini," mama akamwambia. "Maji yangu itaingia vumbi."

Sitaki kuwadanganya. Sijaweza kutengeneza kingine kama kile, na plastiki ile imekwisha. Wachezaji wengi hawajarudi kwangu, na sidhani watarudi. Bado nikifungua kalibu, naangalia pembeni kwanza.

Namshukuru mama, aliyeona kitu kizuri pale nilipoona aibu. Namshukuru yule dada, na nyinyi mliokuja kukaa nami bila kunihubiria. Na wewe mwenzangu unayeharibu kazi yako kabla haijaonwa, muulize mtu kwanza. Kama unaogopa, uliza huku unaogopa.

Mimi siku hizi siyeyushi tena kisahani kilichokwisha kutoka kwenye kalibu. Kila mkupuo nautia rangi yake ya alama, naupeleka uwanjani jinsi ulivyo, kisha nakaa hapo hadi wachezaji waliobaki waseme.