Mzee Omosa, Aliyekataa Kuvua Gambuti

Marehemu Mzee Zefania Omosa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 karibu na soko la Kebirigo, Nyamira, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1971, akafaulu vizuri kiasi cha kuamini, mpaka anakufa, kwamba hakuna daktari wa kumfundisha kitu.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, kazi ya kusimama matopeni tangu alfajiri, gambuti za mpira mguuni na soksi hazikauki, akastaafu mwaka 2017, ila gambuti zikakataa kustaafu naye.

Tarehe 12 Agosti 1984 alifunga ndoa na Nyakerario wa Nyamarambe, wakajaliwa Lavender, Duke na Natasha.

Kucha zake za miguu zilianza kugeuka njano mwaka 2009, zikawa nene, zikamomonyoka kama chaki. Nyakerario alimsihi aende kliniki, akajibu kwamba ni uzee, aliposihiwa tena akazipaka mafuta ya taa, kisha asidi ya betri, na mama wa watu akachoka kusema. Kanisani, kila robo ya mwaka waumini walipooshana miguu, ishara ya kusameheana, kabla ya Meza ya Bwana, Mzee alipata safari ya ghafla. Mdogo wake Mose, ambaye aligombania naye mpaka wa migomba wakapatanishwa na wazee, akaona kwamba hajasamehewa, basi ndugu wa tumbo moja wakaishi pande mbili za ua mmoja bila salamu, miaka na miaka. Jamani, kwa sababu ya kucha!

Mnamo Mei 2023 Lavender alimpeleka kwa nguvu kwa Daktari Ouma mjini Kisii, aliyekata kipande cha kucha, akakipima, akaeleza kwa subira kwamba fangasi wa kucha ni wa aina kadhaa, wengi ni wale wale wanaokula ngozi katikati ya vidole na kupenda giza na unyevu wa kiatu, wengine ni jamii ya hamira, huwapata hasa wanaoshinda mikono majini, wachache hutoka udongoni, na hakuna hata mmoja anayetumwa na jirani. Alipimwa pia sukari, ikawa juu. Alipewa vidonge vya miezi kadhaa, maana kucha hukua polepole, naye akaviacha wiki ya tatu akisema havifanyi kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na lake lilipasuka kando ya kidole gumba, kidonda kikakataa kupona kwa ile sukari, akalificha ndani ya gambuti hadi harufu ikamsema.

Alilazwa tarehe 2 Septemba 2025. Mose alikuja, akauona mguu wake kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe ni huu tu uliokuwa ukinificha, ndugu yangu?" Akamwomba muuguzi beseni, akamwosha mguu ule mwingine uliokuwa mzima, na wote wawili wakalia. Mzee alifariki tarehe 9 Septemba.

Familia inawashukuru Daktari Ouma na wauguzi, majirani wa Kebirigo, na wenzake wa kituo cha chai, ambao wakishatoka hapa wavue viatu wajitazame vidole, tafadhali.

Mose ameomba isomwe mbele ya kanisa kwamba alisamehewa zamani. Pumzika kwa amani, Mzee Omosa, hukuwa na kinyongo, ulikuwa na fangasi.