Nesi wa Maumivu Aje Hadi Hallonbergen

Bisha ukitaka, lakini mimi niliyeikimbia shule darasa la sita ndiye niliyemfanya mjumbe wa baraza la mkoa, wale wanaogawa hela za hospitali, avue miwani na kuifuta bila sababu. Ilianzia kwenye benchi letu mbele ya stesheni ya Hallonbergen, masika ya mwaka themanini na tano, chupa ya kahawa katikati. Tuliokaa tulikuwa watatu: Ssali dereva wa basi, Mganda tunayemwita Balozi; Mashauri fundi bomba, yaani Profesa; na mimi. Habari ilikuwa Mzee Gervas. Saratani imeingia mifupani, haiponi tena. Akitaka sindano za maumivu alazwe wodini. Manesi wanaozunguka majumbani, kwetu hawafiki.

— Kesho mjumbe anaomba kura Vällingby, akasema Profesa. Tumbane.

— Kumbana haitoshi, ssebo, akasema Balozi. Nalaza basi katikati ya barabara mpaka waandike sheria: kila mtaa nesi na mofini ya kutuliza maumivu, usiku na mchana.

— Basi watalivuta. Tubebe kitanda, mzee juu yake, tukiweke mlangoni kwa baraza.

— Kitanda hakiingii kwenye lifti, Profesa. Fundi gani hujui kupima?

— Tulieni, nikasema. Nitasimama mimi, na Kiswidi changu cha kuoshea vyombo.

— Wewe? akasema Balozi. Juzi mkaguzi wa tiketi alikuuliza jina ukalisahau.

Norah, shemeji yake Balozi, aliyehamia Rissne wiki ile, alikuwa kasimama kando tu na kikombe chake.

— Na mzee mwenyewe anataka kufia wapi?

Kwetu mgonjwa haambiwi kwamba anakufa. Sote tulikuwa tumemwambia ni baridi yabisi.

Kesho yake Vällingby nikasimama: “Mtu anataka kufa akisikia watu wake wakigombana jikoni, si akilia kwa maumivu. Liandikeni hilo kwenye sheria, kwa kila mtaa.” Ndipo miwani ikavuliwa. Tukamwambia tutamfuata kila mkutano mpaka atujibu, na tunamfuata.

Ila kuna kipande nimekiruka. Mzee Gervas ni baba yangu. Jioni ile ya benchi nilipanda ghorofani nikamuuliza. Akasema anajua tangu Krismasi, alinyamaza kwa kutuhurumia. Maneno ya Vällingby ni yake. Alinifanya niyarudierudie mpaka nikaweza kuyasema bila kulia.